Kabla hamjalilia nauli, pitieni Memorial

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ukijipangia mwenyewe likizo ya kuskii, yaani kuteleza kwenye theluji, hela inaokolewa wapi? Swali limenikuna, maana tangu nirudi kuskii Lesotho nimekuwa kichekesho hapa Moshi, chini ya Kilimanjaro. Kila mtu ananiuliza we mama, theluji si unaiona ukianika nguo, umepanda ndege kuifuata wapi? Kuna mzee mmoja mtaani kwetu hadi akanikumbusha kwamba wazungu wawili, Furtwängler na König, waliteremka Kibo kwa skii, vile vibao vya kutelezea, mwaka 1912. Sawa baba, ila wale walipanda kwa miguu yao, mimi nataka lifti ya kunipandisha.

Mawakala wa safari nawaambia mapema siwapendi. Kila kifurushi kina mkono wa mtu ndani.

Nauli napita haraka. Shuttle mpaka Nairobi kwa njia ya Namanga, ukapande ndege ya moja kwa moja ya Johannesburg ndio uende Lesotho, mara nyingi ni nafuu kuliko kuanzia KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, ila linganisha mwenyewe kabla hujakata. Pasi yetu haidaiwi viza ya matembezi Afrika Kusini wala Lesotho. Ukienda kuskii Ulaya ni euro 90 za viza ya Schengen, wakikunyima hazirudi, juu yake bima ya matibabu yenye kinga ya kuanzia euro 30,000, alafu basi la Dar kwenda kutoa alama za vidole. Mimi hapo nishachoka hata sijaona theluji.

Sasa mavazi. Hapa ndio nina la kusema. Watu wanakodi makoti ya theluji huko huko mlimani wakati makoti yenyewe yanakuja hapa kwenye mabelo, yametundikwa Memorial, soko letu la mitumba, tunapishana nayo tukienda kutafuta mashuka. Nilienda na wifi yangu asubuhi mapema, siku ambayo tuliambiwa mzigo mpya unafunguliwa, na tukakubaliana mdomo ufungwe, asitaje mlima wala ndege, maana pale ukisema mlima tu bei inaruka, wanajua maguide na wapagazi wananunua bila kubisha. Tukasema tunamtafutia shemeji, anaendesha boda na baridi ya Julai inamuua. Kijana akatoa koti la bluu, zito, lina ile sketi ya ndani ya kuzuia upepo usipande kiunoni, na kwenye zipu kulikuwa bado kunaning'inia kikaratasi kwenye kamba, kimefifia, ni tiketi ya lifti ya huko lilikotoka. Nikajua hili ndio lenyewe. Bahati mbaya na yeye alikiona. Akakishika, akakigeuza, akasema dada angu hii imeshapanda Kili, ona hadi risiti ya geti hii hapa, elfu arobaini. Wifi akataka kucheka nikamkanyaga mguu.

Nikamwambia mangi, nipe maji. Maji ya nini? Ya kunywa. Nikachukua chupa nikamwagia kidogo kwenye mkono wa koti. Aisee alivyoruka! "Mama unaniharibia mzigo!" Watu wakageuka. Lakini nawaambia hicho ndio kipimo, maji yakikaa juu kama shanga yakateleza chini, nunua, yakinywewa na kitambaa lirudishe hata kama ni zuri kama nini, maana kwenye theluji mtu anayeanza anakaa chini kuliko anavyosimama, na ukilowa ndio baridi inakuingia mifupani. Mkononi yaliteleza. Mabegani yakanywewa kidogo, pamechakaa kwa begi nadhani, na hapo ndipo nilipopatia pa kushikia bei. Elfu arobaini ikawa thelathini, tukaondoka, akatuita, tukarudi, tukaondoka tena, wifi anasema tumpe tu, nikamwambia nyamaza. Ikaishia elfu kumi na nane na suruali ya kufanana nalo kwa elfu nane, na glavu akaniongeza kwa hasira, zote za kulia. Nikarudi kubadilisha, akanibadilishia huku anasonya. Koti lile ninalo mpaka leo na shemeji wa boda hayupo.

Viatu vya skii msinunue mtumba, hata ukivikuta. Plastiki ikizeeka inapasuka bila taarifa, kakodini huko huko.

Nimeongea sana koti. Afriski yenyewe, kituo cha kuskii cha Lesotho tulikoenda, iko juu ya mita 3,000, tuseme kati ya vibanda vya Mandara na Horombo kwenye Kilimanjaro yetu, kwa hiyo siku ya kwanza nenda pole pole na kunywa maji. Msimu ni Juni mpaka Agosti, na theluji nyingi wanaitengeneza kwa mashine usiku baridi ikikaza. Shule za Afrika Kusini zikifungwa, kati ya Juni na Julai, msiende, na wikiendi msiende, foleni ya lifti inakula siku uliyoilipia. Katikati ya wiki mwezi wa nane ndio penyewe, ukikubali theluji kulainika mchana.

Ila hapa naandika na roho inasita. Pale mlimani sisi tulilipa kimoja kimoja, viatu, skii, lifti, mwisho mwalimu, kwa sababu ya ujeuri wangu wa vifurushi, na waliochukua kifurushi cha wanaoanza, kila kitu bei moja na mtelemko wao mdogo, walilipa pungufu yetu na mchana walikuwa wanateleza wakati wifi bado anafunga viatu. Kwa hiyo anayeanza, siku ya kwanza chukua kifurushi. Wakala wa safari nzima bado simtaki. Labda kama una watoto wadogo, au huna ndugu Johannesburg wa kulala kwake, hapo sibishi, mpe hela yake upumzike.

Na ukikodi gari Johannesburg kwa ajili ya Lesotho, dai barua ya kuvuka mpaka kabla hujalipa, uulize na bei yake, maana ni hela ya pembeni. Randi ya Afrika Kusini inapokelewa Lesotho sawa kwa sawa na loti, hela yao, lakini chenji ya maloti ukirudi nayo Afrika Kusini hawaitaki, itumie yote kwenye mafuta ya gari mjini Butha-Buthe kabla hujavuka mpaka.