Kabla hujabonyeza: kwa wadogo zangu wa chama cha wakopeshaji wa mikopo ya nyumba, Austin

Jumanne iliyopita kijana wetu mpya, mtoto wa Tanga aliyesomea fedha Houston, aliniletea rasimu ya tangazo la wanachama, uso umemchanua. "Kaka, nimeimaliza usiku, bado kubonyeza tu." Nilisoma mistari mitatu nikaweka chini kikombe cha chai. Kosa lilelile! Nililifanya mimi, akalifanya aliyekuja baada yangu, akalifanya na yule dada wa Mombasa kabla hajakimbilia benki. Bunge la Texas hukaa siku 140 kila mwaka wa witiri, na mimi sina sauti ya kurudia haya kila kikao. Basi nayaandika.

1. Wajueni wanachama. Mkopeshaji mkubwa wa Dallas na mama mwenye ofisi ya watu wanne kule Lubbock wanalipa ada chama kimoja, lakini hawaumwi na sheria moja. Mkimsikiliza mkubwa peke yake, yule mama atapiga simu Ijumaa jioni mkiwa mmeshafunga mabegi. Mkimsikiliza naye, atapiga vilevile, anapenda kuongea.

2. Masomo ya leseni ya maafisa mikopo. Masaa manane kwa mwaka: matatu sheria za shirikisho, mawili maadili, mawili mikopo isiyo ya kawaida, moja la kuchagua. Kozi ya mwaka jana hairudiwi mwaka huu. Leseni zinakufa 31 Desemba, na kila mwaka yuko afisa mikopo anayegundua hilo tarehe 30. Mmoja alinipigia akiwa juu ya mti porini anawinda paa, ananong'ona ili asimshtue mnyama, anauliza kama masaa yote manane yanaweza kuisha kabla ya giza. Nilijikuta na mimi nanong'ona, sijui kwa nini.

3. Tangazo la dharura. Hapa kaeni vizuri.

Kilikuwa kikao changu cha kwanza. Kulikuwa na mswada wa kurefusha notisi ya mnada, ule wa nyumba ambazo mikopo yake imeshindwa kulipwa. Mnajua minada yetu: Jumanne ya kwanza ya mwezi, mahakama ya kaunti, notisi siku 21 kabla. Mswada ulitaka siku hizo ziongezwe sana, na wanachama walikuwa wanachemka. Saa tano usiku nikaufungua kwenye tovuti ya bunge, nikausoma neno kwa neno, nikajiona mwanasheria. Nikaandika tangazo kali: mpigie mbunge wako kesho asubuhi, mwambie aupinge. Nikabonyeza. Orodha nzima ya wanachama. Nikalala usingizi wa mtu aliyeokoa sekta.

Nisichokijua ni kwamba jioni ileile mshawishi wetu, anayetusemea kwa wabunge, bibi wa Kitexas aliyezeekea kwenye korido za bunge, alikuwa amekaa na ofisi ya mbunge mwenye mswada mpaka wakakubaliana. Siku 21 zinabaki, kinaongezwa kikaratasi kimoja cha kumweleza mwenye nyumba wapi apate ushauri. Mswada mbadala ulikuwa tayari, uko mkononi mwa karani wa kamati. Namba ni ileile, tumbo jingine kabisa. Na mbadala wa namna hiyo mara nyingi hauonekani mtandaoni mpaka kamati iupitishe, kwa hiyo ningesoma hadi alfajiri nisingeuona.

Saa mbili asubuhi simu zikaanza kulia kwenye ofisi za wabunge. Wanachama wetu ni watu watiifu, jamani. Walipiga wote.

Bibi alikuwa amejiandikisha kama shahidi wa kuunga mkono. Alipokaa mbele ya kamati, mwenyekiti akainua rundo la vikaratasi vya simu, akauliza taratibu, "Mama, chama chenu kina vichwa vingapi?" Chumba kikacheka. Mimi nilikuwa safu ya nyuma na beji yangu mpya shingoni, jasho jembamba linanitoka, natamani ardhi inimeze. Na tulikuwa tayari chini ya ardhi, maana vyumba vile vya kamati vimo kwenye jengo lililochimbwa nyuma ya bunge.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona mapema. Alinipeleka kantini, akaninunulia kahawa, akanipa orodha ya wajumbe wa kamati. "Anza na ya kwanza." Ofisi tisa, mlango kwa mlango, nikijieleza kwa vijana wa mapokezi wenye umri wa mdogo wangu wa mwisho. Mmoja aliniomba nitaje tena jina langu, herufi kwa herufi, aandike vizuri.

Mchana nikaanza kuwapigia wanachama. Wengi walicheka, mmoja akanitukana, hayo yalipita. Kisha nikampata mzee mmoja mwenye ofisi ndogo, ambaye asubuhi hiyo alimwacha mteja amekaa ili ampigie mbunge wake. Akaniuliza kwa upole, "Kwani ulikuwa umeuliza mtu?" Nikasema hapana. Kimya. Kisha: "Mimi sikuusoma. Nilikuamini wewe." Mpaka leo barua pepe yake ikiingia, naifungua ya kwanza.

4. Fedha za siasa. Hundi ya kampuni haimwendei mgombea wa jimbo, na kuanzia siku 30 kabla ya kikao cha kawaida hadi siku 20 baada yake mbunge hapokei mchango. Atakayebeba bahasha Februari, kikao kikiendelea, asiseme ananijua.

5. Wanachama wawili wakianza "sisi riba yetu wiki hii…" kwenye kikao chetu, wakatizeni hapohapo, hata kama mmoja ni rais wa chama. Sheria ya Sherman, inayokataza washindani kupatana bei, ni ya 1890, imeshakula watu wazima kuliko ninyi.

6. Kipeperushi. Mkopo unaodhaminiwa na thamani ya nyumba, ule wa ibara ya 50(a)(6) ya katiba ya Texas, unasainiwa ofisini kwa mkopeshaji, wakili au kampuni ya hati za umiliki. Mezani jikoni hapana. Kwetu shamba linauzwa chini ya mwembe mbele ya balozi na mambo yanaisha, najua, lakini hapa mkopeshaji akikosea masharti ya ibara ile na asisahihishe, anaweza kupoteza riba na mtaji wote. Kwa hiyo mtu asiniletee tena picha ya familia inasaini mkopo pembeni ya mkate wa mayai.

Sasa wewe wa Tanga. Faili lako lilikuwa na herufi I mwishoni. Hiyo ni nakala ya siku mswada ulipowasilishwa, na leo umeshatoka kamatini, nakala yake inaishia na H. Nimempigia bibi, amesema kifungu cha tatu kimefutwa chote, ndicho ulichokikolezea wino mwekundu. Yuko kantini hadi saa sita. Mnunulie kahawa, bila sukari.