Sanduku la Maswali: Kiwanja cha Nakonde, basi la Lusaka na shamba la kando ya Songwe

SWALI: Mhariri, salamu nyingi kutoka Mlowo, ambako ninafanya biashara ya mahindi. Shemeji yangu anayeishi Nakonde, upande wa Zambia, amenitafutia kiwanja pembezoni mwa mji kwa bei ambayo huku kwetu hainunui hata nusu ya ukubwa huo. Ninakutumia picha ya barua ya mauziano yenye mhuri wa mzee wa kijiji. Kaka yangu mkubwa anapinga kabisa, akisema kwamba Mtanzania akijenga kule atavamiwa usiku, ilhali mke wangu anasema Tunduma na Nakonde ni mji mmoja na hakuna cha kuogopa. Nimsikilize nani? — Msomaji wa Mlowo

JIBU: Ndugu msomaji, kaka yako ana sababu ya kuhofu na shemeji yetu, mkeo, ana sababu ya kumpinga, lakini wote wawili wanazungumzia wezi, na katika shauri lako wezi ndio hofu ndogo. Nakonde ina vibaka na wavunja nyumba kama ilivyo miji yote ambayo malori hulala foleni, na Tunduma haina ubora wowote wa kujisifia mbele yake. Wanyamwanga wapo pande zote mbili za mpaka, wanazikana na kuozana, na mtu mwenye shemeji pale hawi mgeni wa kupotea.

Kaka yako, hata hivyo, angeweza kukukumbusha jambo moja lenye uzito. Mwezi Aprili 2016, baada ya mauaji yaliyohusishwa na ushirikina jijini Lusaka, uvumi uliwaangukia wafanyabiashara wa Kinyarwanda, na maduka yao katika vitongoji kadhaa yakavunjwa na kuporwa. Zambia ni nchi tulivu kwa miaka mingi, na tukio hilo halikuifanya kuwa nchi ya kuogopwa. Lakini linaonesha kwamba uvumi ukizuka, mgeni mwenye duka ndiye anayefikiwa kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, waulize majirani wa kiwanja hicho kama wanajua kwamba kinauzwa, kinauzwa na nani, na kinauzwa kwa nani. Jirani aliyeshirikishwa tangu mwanzo ni mlinzi bora kuliko ukuta wenye vipande vya chupa juu yake.

Sasa tuje kwenye karatasi, ambako ndiko hofu yangu iliko. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Zambia ya mwaka 1995, ardhi yote iko mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, na anayemilikishwa hupewa muda, kwa kawaida miaka 99. Kifungu cha 3 cha sheria hiyo kinamzuia asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa katika hali zilizotajwa, kama vile awe mkazi wa kudumu, awe mwekezaji anayetambuliwa na sheria ya uwekezaji, awe na ridhaa ya Rais ya maandishi, au anunue kupitia kampuni iliyosajiliwa kule ambayo hisa za wageni ndani yake hazifikii asilimia 25. Kununua tu kwa sababu una fedha na umepatana bei na muuzaji hakumo katika orodha hiyo. Tusilalamike kwamba tunabaguliwa, kwa kuwa na sisi, katika Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, tumeandika kwamba asiye raia hapati ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji.

Ukiisoma picha ya barua uliyonitumia ukiwa na sheria hiyo kichwani, utaona ninachokiona. Ni karatasi ya daftari yenye mistari, ina mashahidi wawili waliotia dole gumba, na mhuri wa zambarau ambao wino wake umesambaa hadi jina la kijiji halisomeki. Mipaka imeelezwa kuwa ni “kuanzia mwembe mpaka kwa jirani.” Hakuna namba ya kiwanja, hakuna mchoro wa mpimaji, hakuna neno la chifu wala la halmashauri. Maana yake ni kwamba unauziwa ardhi ya kimila, na ardhi ya kimila ya Zambia haigeuki kuwa ya hati mpaka chifu mwenyewe aridhie, halmashauri ya wilaya ipitishe, ndipo maombi yafike Wizara ya Ardhi. Mzee wa kijiji anaweza kuthibitisha kwamba anamfahamu muuzaji, na hilo si jambo dogo, lakini hana uwezo wa kukumilikisha wewe raia wa Tanzania. Hata pale ambapo hati ipo, uhamisho unahitaji kibali cha Serikali na kodi ya uhamisho ilipwe Mamlaka ya Mapato ya Zambia kabla msajili hajaandika jina jipya. Muuzaji anayekuambia kwamba mambo hayo yatafuata baadaye, ukishamaliza kulipa, anakuonesha mwenyewe mahali pa kusimama.

Ninajua shemeji yako atasema nini, kwa sababu ndilo linalosemwa mpakani kila siku: “Tuandike jina langu, kiwanja ni chako.” Huenda ni mtu mwaminifu kabisa, na simvunjii heshima. Lakini uaminifu wake hauwafungi warithi wake. Akifariki bila wosia na kiwanja kikawa na hati, Sheria ya Mirathi ya Zambia ya mwaka 1989 huwapa watoto asilimia 50, mjane asilimia 20, wazazi asilimia 20 na wategemezi wengine asilimia 10. Na kikiwa bado ni cha kimila, sheria hiyo haikigusi, kitagawanywa kwa mila mbele ya wazee. Katika migawo yote miwili hakuna fungu la mfanyabiashara wa Mlowo aliyetoa fedha. Utabaki na ujumbe wa simu wa malipo na kesi ya kuifungua katika mahakama ya nchi nyingine, huku kila siku ya kutajwa kwa shauri ikikutaka uvuke mpaka na kulipa wakili.

Kwa kuwa unauza mahindi, pima pia hofu ya aina nyingine ambayo haimo katika mabishano ya nyumbani kwenu. Mwaka 2024, baada ya ukame mkali, Zambia ilizuia mahindi yake yasitoke nje. Na mwezi Aprili 2025 Tanzania ilifunga mlango kwa mazao ya Malawi kwa siku chache, katika mvutano ulioanza baada ya Malawi kuzuia unga wa mahindi, mchele, tangawizi na ndizi kutoka nje. Ghala la Nakonde linaweza kuwa halali kwa kila karatasi na bado likajaa mzigo usioweza kuvuka kuja Mlowo.

Ungeniuliza ningefanya nini, ningejibu kwamba ningepanga, nisingenunua. Sheria ile ile ya 1995 inamruhusu mgeni kuwa na mkataba wa pango usiozidi miaka 5. Tafuta ghala au nyumba iliyo ndani ya mji, ambayo mwenye nayo ana hati yenye jina lake, umwombe nakala, na umlipe wakili wa Zambia ambaye hakuletwa na muuzaji wala dalali akapekue sajili ya ardhi Lusaka ili kujua kama hati ni ya kweli na kama haijawekwa rehani benki. Gharama ya wakili itakuuma, hasa ukilinganisha na bei ya kiwanja chenyewe, lakini ni kiasi unachoweza kukipoteza bila biashara kufa. Ukifanya kazi pale miaka miwili au mitatu ukaona inalipa, hapo ndipo mazungumzo ya kampuni au kibali cha uwekezaji yatakuwa na maana. Na shemeji yako asiachwe pembeni kwa aibu. Mweleze wazi kwamba unakataa karatasi, humkatai yeye, na mpe nafasi ya kukusimamia ghala kwa malipo yanayojulikana.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mume wangu ni dereva wa malori na kwa sasa yuko Lusaka. Nataka kumfuata kwa basi pamoja na watoto wetu wawili wakati wa likizo. Mama mkwe ananikatisha tamaa, anasema barabara ya Zambia ni ya majambazi. Je, ni kweli? — Mama wawili, Uyole

JIBU: Marahaba, mama. Hatari kubwa ya safari yako ni ajali kuliko ujambazi, na huanza kabla hujatoka Mbeya, kwani mteremko wa Iwambi unaufahamu na malori yaliyokwishafeli breki pale unayafahamu. Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni takribani kilomita 1,000, sehemu kubwa ikipita porini ambako gari likiharibika msaada uko mbali. Mwaka 2016 Zambia ilipiga marufuku mabasi ya abiria kutembea kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri kwa sababu ya ajali za usiku. Chagua kampuni yenye madereva wawili na inayoondoka asubuhi, hata kama inakulazimu kulala Tunduma usiku mmoja. Kumbuka pia kwamba saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa 1, maana wapo wanaokosa basi, na wapo wanaokaa kituoni na watoto gizani, kwa kutojua hilo.

Kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria. Chukua vyeti vyao vya kuzaliwa, na barua ya ridhaa ya baba yao iliyothibitishwa na wakili, kwa sababu ofisa wa Uhamiaji anapomwona mzazi mmoja na watoto ana wajibu wa kuuliza. Tangu mwaka 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja, ambapo taratibu za kutoka na za kuingia hufanyika chini ya paa moja. Hakuna sababu ya kumfuata kijana atakayekuambia kwamba anajua njia fupi. Mtu aliyepita njia ya panya hana mhuri, na asiye na mhuri hana uso wa kwenda polisi akiibiwa.

Penye wizi hasa ni kwenye kubadilisha fedha. Vijana wanaokimbilia mabasi wana vidole vyepesi, hukunja noti katikati ili wewe uihesabu mara mbili, kisha hupiga kelele kwamba askari wanakuja ili usirudie kuhesabu. Wengine huchomeka noti za zamani za Zambia, zile zenye sifuri nyingi, ambazo zilibadilishwa mwaka 2013 kwa kukatwa sifuri 3, au kwacha ya Malawi, ambayo ina jina lile lile na thamani ndogo mno kuliko ya Zambia. Badilisha benki au duka lenye leseni, ukiwa umeketi, na soma jina la nchi kwenye kila noti. Kama unaipenda reli, uliza kwanza kituo cha TAZARA Mbeya kama treni ya abiria inatembea wiki hiyo, ukijua kwamba mwisho wake ni Kapiri Mposhi na bado utatafuta basi la takribani kilomita 200 hadi Lusaka.

SWALI: Nimepewa nafasi ya kununua shamba la mpunga kando ya mto Songwe, upande wa Karonga. Mwenye shamba ni ndugu yetu wa ukoo, lugha yetu ni moja. Kuna ubaya gani? — Msomaji wa Kyela

JIBU: Ubaya ni mto wenyewe. Songwe ndio mpaka wa Tanzania na Malawi, nao katika tambarare ya chini, karibu na ziwa, hufurika na kuhama mkondo, kiasi kwamba nchi mbili zimeunda tume ya pamoja ya bonde hilo na kuzungumza kwa miaka mingi jinsi ya kuudhibiti. Shamba unalolipia leo upande wa Karonga linaweza, baada ya masika moja, kuwa na mto upande usioutarajia, na mwenye kuulizwa maswali na askari wa nchi zote mbili atakuwa wewe mwenye jembe. Tena Malawi, kwa marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2022, imezidi kubana umiliki wa wageni, na undugu wa Kinyakyusa na Kingonde hautambuliwi kama uraia. Lima na ndugu yako kwa msimu mmoja mmoja, mkigawana mavuno kwa makubaliano ya maandishi, na fedha ya kununua ielekeze Kyela, kwenye kipande kilicho mbali na ukingo.