Ukitaka kuitengenezea serikali mfumo, anzia kwenye hati ya mapokezi

Kampuni nyingi ndogo za programu hapa Arusha na Moshi husoma nyaraka za zabuni kuanzia mwanzo: jina la taasisi, maelezo ya mfumo, tarehe ya mwisho. Sisi tunashauri zisomwe kinyumenyume. Tafuta kwanza ni karatasi gani itasainiwa siku mfumo ukipokelewa, nani ataisaini, na baada ya majaribio gani. Ofisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, hawezi kukulipa kwa kuwa tu mfumo unawaka. Anahitaji hati kwenye jalada, maana mkaguzi akija mwakani ataiulizia. Bei yako, ratiba yako na idadi ya watu wako vyote vitokane na hati hiyo.

Lakini kabla ya kufika huko, jua kisichouzika. Usihangaike kuipelekea halmashauri mfumo wa kukusanya mapato, ina TAUSI. Mamlaka za maji zina MAJIIS kwa ankara za wateja, vituo vya afya vya umma vina GoTHoMIS, malipo ya serikali hupita MUSE, na namba ya malipo anayopewa mwananchi hutoka GePG. Miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma inasimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na swali la kwanza huwa kama mfumo wa namna hiyo haupo tayari serikalini. Nafasi iliyobaki ni ya mambo ya taasisi moja moja: sampuli za maabara kwenye taasisi ya utafiti, uhifadhi wa nafasi za kumbi, kumbukumbu za mafunzo kwa vitendo chuoni. Mkoa wa Arusha na Kilimanjaro una taasisi za namna hiyo za kutosha. Muulize mkuu wa kitengo cha TEHAMA kama mradi umeshapita e-GA. Akianza kuzungukazunguka, jibu umelipata.

Zabuni zenyewe ziko NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. (Jumuiya ya Afrika Mashariki, ingawa makao yake makuu yako hapa hapa Arusha mjini, ina taratibu zake nyingine kabisa.) Usisubiri tangazo. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mipango ya ununuzi ya taasisi huwekwa humo NeST. Ipitie mapema ujue nani ametenga fedha. Wasifu wako NeST uwe umekamilika kabla: TIN, usajili wa kampuni wa BRELA, leseni ya biashara hai, uthibitisho wa kodi, wasifu wa wataalamu, mikataba ya nyuma, na aina ya biashara inayolingana na zabuni. Kinachoangusha wengi ni vitu vidogo. Hati ya uwakilishi haina muhuri wa wakili, au jina la mtaalamu kwenye cheti haliendani na lililo kwenye wasifu. Saa ya mwisho ikipita, mfumo unajifunga, na hakuna wa kumpigia simu.

Sasa hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayoitaka mteja, na hapa ndipo pesa inapopotea. Utakutana na sentensi kama hii: "Mfumo uwe rafiki kwa mtumiaji na utoe ripoti zote muhimu." Hiyo "zote" ndiyo itakula faida yako. Uliza kwa maandishi kupitia NeST ndani ya muda wa maswali: ripoti ngapi, za nani, zinatoka kwa mpangilio gani? Usipojibiwa vizuri, andika tafsiri yako ndani ya pendekezo la kiufundi: ripoti 9, zimeorodheshwa kwenye kiambatisho, inayozidi hapo ni nyongeza ya kazi. Kisha weka jedwali la majaribio ya mapokezi. Mstari mmoja wake usomeke hivi: "Mhasibu anaingia kwa akaunti yake, anachagua mwaka wa masomo, anafungua ripoti ya madeni, jumla ya shilingi ilingane na orodha iliyosainiwa na ofisi ya uhasibu." Mistari 40 ya aina hiyo ina thamani kuliko kurasa 40 za kusifia teknolojia. Siku ya mapokezi mjumbe wa kamati ya taasisi inayopokea mfumo anaweka tiki au haweki, na wewe unajua cha kurekebisha.

Nyongeza ya kazi ina mlango wake. Mkurugenzi akikwambia kwenye kikao "ongezeni na kipengele cha ujumbe mfupi," ni agizo la heshima, lakini halilipwi mpaka mkataba urekebishwe kwa maandishi kwa utaratibu wa taasisi. Mjibu kwa adabu, "Tumepokea, mheshimiwa, tutaleta makadirio," na ulete kweli.

Tuhesabu. Mkataba wa Sh milioni 60 kabla ya VAT, kazi ya miezi 5, malipo ya awamu ya kwanza asilimia 20 baada ya ripoti ya kuanza. Una watu 4 wanaogharimu wastani wa Sh milioni 1.8 kila mmoja kwa mwezi. Hiyo ni milioni 36 kwa miezi 5. Ongeza miezi 2 ya kusubiri saini na malipo huku mtu mmoja akibaki kurekebisha hitilafu, milioni 3.6. Jumla milioni 39.6. Ulichopokea hadi hapo ni ile awamu ya kwanza tu, milioni 12 pungufu ya kodi ya zuio ya asilimia 5 ambayo mteja huikata na kuipeleka TRA, yaani milioni 11.4. Shimo ni milioni 28.2, na bado hujalipa pango la ofisi wala nauli ya kwenda kwa mteja. Asiyekuwa na namna ya kulifukia shimo hilo asiombe kazi hiyo peke yake; aungane na kampuni nyingine kwa ubia. Kama umesajiliwa VAT, asilimia 18 si yako, na ukitoa ankara ya kikodi kabla malipo hayajaiva unaweza kujikuta tarehe 20 ya mwezi unaofuata unailipia TRA fedha ambayo hujaiona. Cheti cha kodi ya zuio kidai kila awamu. Hicho ni pesa. Utakitumia kwenye hesabu za kodi ya mapato za mwaka.

Data za zamani zipewe mstari wake wa bei. Utaahidiwa "ziko kwenye Excel, ni kuhamisha tu." Ukifungua utakuta Mushi na Mushy, Massawe na Masawe, Mollel na Molel, mtu yule yule mara tatu, na namba za simu nusu zinaanza na 0, nusu na 255. Programu haiwezi kuamua kama hao ni mtu mmoja. Aamue ofisa wa taasisi, na asaini orodha iliyosafishwa. Kwa kuwa ni taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu na wewe: faili hilo lisizurure kwenye makundi ya WhatsApp ya timu.

Ratiba iwe na nafasi ya ukaguzi wa usalama kabla mfumo haujaanza kutumika, na ya kupata nafasi kwenye seva za serikali. Foleni hiyo huiongozi wewe. Lenga mapokezi yafanyike Aprili, Mei ikizidi sana. Kufikia Juni wahasibu wanafunga mwaka, na ankara isiyolipwa hadi Juni 30 inahamia kwenye madeni ya mwaka unaofuata. Kuna na uhamisho: mwenyekiti wa kamati aliyeuelewa mfumo wako anaweza kupelekwa Simiyu kesho, na mrithi wake akaanza maswali upya. Ndiyo maana kila kikao kiwe na muhtasari uliosainiwa siku hiyo hiyo.

Mwisho wa mkataba utakabidhi msimbo wote wa programu (source code), nenosiri za seva na mwongozo wa usakinishaji. Tarajia msimbo kuwa mali ya taasisi. Jaribu mwongozo wenyewe kabla: mpe kijana ambaye hakuwa kwenye mradi, akae na seva tupu, mwachie siku moja. Akikwama hatua ya 6, ofisa TEHAMA naye atakwama hapo hapo, na simu itakuja kwako katika kipindi cha matengenezo ya bure, ambacho nacho ulipaswa kukiandikia idadi ya miezi.