Mbwa Kijana Anayetafuna Kila Kitu: Anza na Wanaoshinda Naye

Anayemlea mbwa wako huenda si wewe. Ukiishi Utawala na kazi iko Westlands kama mimi, unatoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurudi giza likiwa limeshaingia. Katikati ya hapo mbwa ameshinda na dada wa kazi, askari wa mchana, watoto wakitoka shule, kijana wa gesi, na jirani anayerusha mabaki ya ugali juu ya ukuta. Hao ndio walimu wake. Ushauri mwingi kuhusu mbwa wakubwa umeandikiwa mtu aliyeketi sebuleni na mbwa wake kutwa nzima. Ukiuleta Nairobi vile ulivyo, utadumu wikendi moja tu, Jumatatu kila kitu kimerudi palepale.

Wetu ni Boerboel dume, aina ya mbwa mkubwa wa ulinzi kutoka Afrika Kusini, anaitwa Kifaru. Alipokuwa mdogo jina hilo lilichekesha watu. Alipokaribia kutimiza mwaka halikuchekesha tena. Alimaliza viatu vya akala vya askari, akala mguu wa meza ya varanda, akaangusha kamba ya kuanikia nguo pamoja na nguo zenyewe, kisha akaupasua mpira wa maji asubuhi ya mgao, tangi likingoja kujazwa. Huo mpira ndio ulionifanya niwaite wote jikoni tuongee.

Kwanza tuelewane kuhusu meno. Mbwa huzaliwa bila meno, huota 28 ya utotoni, na hayo huanza kung'oka akiwa na miezi minne hivi. Akifika miezi sita au saba anakuwa na yake 42 ya ukubwani. Wengi hudhani hapo ndipo kutafuna kutakapoisha, na wanaposubiri kuishe wanaona kunazidi. Mbwa wa aina kubwa hubaki kijana hadi miezi 18, wengine hadi 24. Taya zimeshakuwa za mtu mzima, kichwa bado. Sasa hatafuni kwa ajili ya fizi zinazowasha. Anatafuna kwa sababu hana la kufanya, au ana wasiwasi akiachwa peke yake, au kwa sababu kutafuna kwenyewe kunamtuliza. Ukimwondolea kiatu bila kumpa kingine cha kutafuna, atajitafutia mwenyewe, na yeye hana habari kwamba kiti kiligharimu pesa ngapi.

Kuna mazoea ya hapa kwetu ambayo siyakubali, nayo ni kumfungia mbwa kibandani mchana kutwa na kumfungulia usiku ili "asizoee watu". Kijana wa kilo zaidi ya 40 aliyekaa saa 12 kwenye banda akitazama ukuta akifunguliwa hafanyi ulinzi wowote. Anakimbia ovyo, anararua, anabwekea upepo. Tena mbwa asiyejua mgeni wa kawaida yukoje hawezi kumtofautisha na mwizi. Sisemi banda ni baya. Kifaru analala lake kila siku baada ya chakula cha mchana, mlango umefungwa, kuna kivuli na maji na kitu cha kutafuna. Analala kweli. Mbwa wa umri huo anahitaji usingizi mwingi kuliko watu wanavyodhani, na wazimu ule wa saa kumi na mbili jioni, wa kuzunguka nyumba kwa kasi na kuwakumba watoto, mara nyingi ni uchovu.

Kingine kilichonipunguzia hasira ni utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2020 katika jarida la Biology Letters. Watafiti waliwafuatilia mbwa waliokuwa wakiandaliwa kuwaongoza wasioona. Walipofika miezi minane, mbwa hao walikuwa wagumu zaidi kutii amri ya kukaa kutoka kwa mlezi wao kuliko walivyokuwa na miezi mitano. Mtu mgeni alipowapa amri hiyohiyo, walikuwa wametii vizuri zaidi kuliko mwanzo. Kwa hivyo Kifaru alipokuwa akikaa chini kwa askari na kunipita mimi kama hanioni, hapakuwa na dharau. Ulikuwa ujana tu, nao hupita.

Turudi jikoni. Tulikubaliana amri tatu tu, wote tuzitamke sawasawa: kaa, chini, achia. Kabla ya hapo mimi nilikuwa nikisema hivi, dada vile, watoto wakipiga kelele za jina lake, na mzee wa getini akipiga mluzi. Mbwa hawezi kutii amri nne kwa jambo moja.

"Achia" ndiyo yenye kazi kubwa. Kifaru akishika soksi, hakuna kumkimbiza. Ukimkimbiza umeanzisha mchezo, na katika mchezo huo yeye ana miguu minne na wewe miwili. Hakuna kumpanua taya kwa nguvu pia, maana hapo mbwa hujifunza kumeza haraka au kukilinda alichoshika usikikaribie. Unamwendea polepole, unamwekea puani kipande cha maini yaliyochemshwa, cha ukubwa wa punje ya mahindi, unasema achia. Soksi inaanguka, maini yanaliwa. Kama alichoshika hakina hatari, mrudishie mara mojamoja, ajue kuachia si kupoteza. Tuna kopo moja la maini au omena kwenye dirisha la jikoni na lingine kwenye kibanda cha askari. Bila lile la pili mpango wote ungekufa, kwa sababu getini ndiko vituko vingi vinakotokea.

Kuhusu kurukia watu, mzee wetu wa getini ndiye aliyekuwa mgumu. Kila asubuhi Kifaru alimwekea miguu kifuani, naye akimpapasa kichwa huku anacheka.

"Mzee," nikamwambia, "ukimpapasa akiwa amekurukia, kesho atamrukia mama mkwe wangu."

"Lakini madam, huyu ananisalimia tu. Nisimjibu?"

"Mjibu. Ila mjibu miguu yote ikiwa chini."

Akafikiri kidogo. "Na akiruka?"

"Mpe mgongo. Usimwangalie, usiseme kitu."

Ndiyo siri yenyewe. Mbwa huruka kwa sababu kuruka kunalipa. Kumsukuma kwa mikono kunalipa, kumfokea kunalipa, hata goti la kifuani kwa kijana mwenye nguvu ni mwaliko wa mieleka, na linaweza kumuumiza. Mgongo haulipi. Miguu ikigusa chini, hapohapo umpe maini na maneno mazuri. Siku za mwanzo ataruka zaidi, maana mbinu aliyoizoea imeacha kufanya kazi na yeye anaijaribu kwa bidii zaidi. Wengi hukata tamaa hapo. Wageni ambao huwezi kuwafundisha, kama fundi wa mabomba au shangazi aliyevaa nguo za kanisani, usiwape mtihani huo. Mfunge mbwa kamba kabla geti halijafunguliwa, au aende bandani na cha kutafuna. Watoto wadogo wasiachwe naye peke yao hata kama ni mpole. Mkia wake pekee unatosha kumwangusha mtoto wa miaka mitatu.

Sasa atafune nini. Nenda kwa mwuza nyama wako umwombe koromeo la ng'ombe. Likikaushwa vizuri linampa mbwa kazi ya muda mrefu. Jeans kuukuu za mtumba, ukizikata vipande virefu na kuzisuka kwa mafundo, zinakuwa kamba nzuri ya kuvutana, ila uitupe ikianza kutoa nyuzi. Karoti nzima iliyogandishwa kwenye friza ni rahisi na haina mafuta. Siku ya joto tunaloweka tambara zito kwenye mchuzi wa mifupa usiotiwa chumvi wala kitunguu, tunalikunja na kuligandisha, naye analitafuna mtu akiwepo karibu ili asilimeze. Chakula chake kikavu cha asubuhi hatukiweki tena kwenye bakuli. Dada anakitawanya kwenye nyasi, Kifaru anakitafuta punje kwa punje kwa pua. Kunusa kunamchosha kuliko kukimbia. Dada alinicheka siku ya kwanza, akasema tunamlisha kama kuku. Sasa ndiye mtetezi mkuu wa njia hiyo, kwa sababu anapata muda wa kuosha vyombo bila kuvutwa leso.

Usimpe kiatu kikuukuu. Hawezi kujua kwamba kile ni chake na kile cha ngozi ulichonunua mwezi jana si chake. Kuhusu ugumu, bonyeza kitu kwa ukucha wa kidole gumba. Kama ukucha hauachi hata alama, kitu hicho kinaweza kumvunja gego, na hapo naiweka mifupa ile minene ya miguu ya ng'ombe. Mifupa iliyopikwa, ya kuku hasa, usimpe kabisa. Hupasuka vipande vyenye ncha.

Halafu kuna magunzi ya mahindi. Nairobi hii kila kona kuna mtu anachoma mahindi, na kila mwenye kumaliza hulitupa gunzi popote, hata juu ya ukuta wako. Gunzi halisagiki tumboni. Mbwa mkubwa hulimeza kwa vipande viwili, likaenda kukwama utumbo, na mara nyingi linatolewa kwa upasuaji. Kokwa ya embe ni hivyohivyo, na soksi pia. Mbwa akianza kutapika mara kwa mara, kukataa chakula, kukosa choo au kukunja mgongo kwa maumivu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usingoje kesho. Askari wetu sasa huzunguka ukutani kila asubuhi kuokota vilivyorushwa usiku, na hilo limetusaidia kuliko ununuzi wowote.

Tazama pia bustani. Kile kichaka kinachopendwa sana mijini, chenye maua yanayochanua ya zambarau kisha kupauka hadi meupe, kinachoitwa kwa Kiingereza yesterday-today-and-tomorrow, ni sumu kali kwa mbwa. Sisi tuliking'oa. Uzio wa kariaria, ule mmea wa vijiti vya kijani, una utomvu mweupe unaochoma mdomo na macho. Sumu ya panya, dawa ya konokono, na bigiji isiyo na sukari iliyotiwa zailitoli (xylitol, kitamu cha kubadili sukari) viwekwe mahali ambapo hata akisimama kwa miguu ya nyuma hafiki. Nyaya za umeme tulizipitisha ndani ya mabomba magumu. Watu watakushauri upake pilipili kwenye miguu ya meza. Mimi sishauri. Inamchoma macho na pua, na atakapoacha meza atahamia kiti.

Mazoezi yanahitaji akili kidogo. Jirani yangu mmoja humfunga mbwa wake nyuma ya bodaboda ili "amchoshe". Mifupa ya mbwa mkubwa bado inakua hadi karibu mwaka mmoja na nusu, na kukimbizwa mbali kwenye lami au kurukishwa juu ya vizuizi kunaweza kuharibu viungo vyake kabisa. Mtembeze kwa mguu, asubuhi kabla lami haijapata joto, umwache anuse kila nguzo. Wikendi tukipata nafasi tunakwenda msitu wa Karura, kwa kamba muda wote. Vidonge vya kalisi ambavyo kila mtu humpendekezea mbwa mkubwa anayekua, achana navyo kama daktari hajaagiza. Kalisi ya ziada nayo huharibu mifupa. Na usimkimbize akitoka kula. Mbwa wenye kifua kirefu hupata tatizo la tumbo kujaa gesi na kujisokota. Ukiona tumbo limevimba na anajaribu kutapika bila kitu kutoka, hizo ni saa chache za kuokoa maisha. Tunamlisha kidogokidogo mara mbili kwa siku badala ya sinia moja la jioni.

Kuhasi ni swali la daktari wako. Kwa aina kubwa wengi hushauri usubiri akue kwanza, na msitarajie kwamba kutamaliza kutafuna.

Lililobaki ni kutofautisha utundu na ukali. Kijana anayebana mkono wako kwa meno akiwa na mwili uliolegea, mkia ukipepea, anacheza, na dawa yake ni kusimamisha mchezo na kuondoka. Anayekakamaa juu ya bakuli au mfupa, akakutazama kwa pembe ya jicho na kunguruma, anakuambia kitu kingine. Usimwadhibu kwa kunguruma, maana utamfundisha kuuma bila onyo. Mwite daktari wa mifugo, na mkufunzi asiyetumia fimbo. Na meno yakitoboa ngozi ya mtu yeyote, hata kwa mchezo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke aliyeumwa hospitali, hata kama mbwa amechanjwa kichaa. Kwa sababu ya mgao sisi huacha jerikeni moja imejaa karibu na mlango wa jikoni. Kadi ya chanjo ya Kifaru iko kwenye droo iliyo juu yake, ambako dada anaweza kuichukua mimi nikiwa bado kwenye foleni ya Mombasa Road.