Kamera kichwani, parachuti mgongoni: majibu ya maswali yenu

Watu wakianza kupanga safari za kuruka Diani, maswali ninayoletewa hubadilika ghafla. Yanaacha kuwa ya kozi na leseni, yanakuwa ya kamera. Nimeokota yale yanayojirudia na kuyajibu hapa.

Shikamoo mwalimu. Nina miruko 38 na leseni yangu ya kwanza. Nimenunua GoPro lakini mkufunzi amenikataza kuivaa hadi nifike miruko 200. Kamera yenyewe haifiki uzito wa embe dodo. Je, ananionea? (Msomaji, Ukunda)

Marahaba. Hakuonei, anakulinda. Hiyo 200 hakuibuni yeye. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinashauri mtu awe na angalau miruko 200 kabla ya kuvaa kamera, na katika hiyo, miruko 50 ya karibuni iwe kwa vifaa vilevile vya parachuti atakavyotumia akirekodi. Uingereza nako kipimo ni hichohicho, 200.

Umesema kweli kuhusu uzito. GoPro ya kawaida ina gramu 150 na kidogo. Lakini tatizo haliko shingoni, liko akilini. Mtu anayeanguka kifudifudi hushuka kwa kasi ya kilomita 190 hivi kwa saa, maana yake kila sekunde 5 na nusu zinakula futi 1,000. Ukizitumia sekunde hizo kujiuliza kama taa nyekundu ya kamera inawaka, umeshashuka futi 1,000 bila kutazama altimita, yaani kipima urefu, na hukuona mwenzako aliyekuwa kushoto kwako amehamia wapi.

Na usidhani uzoefu unamaliza hatari hii. Aprili 1988, katika jimbo la North Carolina, Marekani, mpiga video mwenye miruko zaidi ya 800 alipanda ndege kumrekodi mwanafunzi na mkufunzi. Akatoka mlangoni akirekodi vizuri kabisa, bila parachuti. Zama zile kinasa video kilikuwa mzigo wa kujifunga mwilini, na wengi waliamini kuwa uzito ule ndio uliomfanya ahisi amevaa kila kitu. Wenzake ndegeni nao hawakugundua. Kila ninapomfundisha mtu kamera naanza na habari hii, na huwa siisimulii haraka.

Kwa hiyo iweke GoPro kabatini. Miruko 160 iliyobaki itumie kujifunza kumkaribia mtu na kusimama mbele yake umbali wa mita mbili bila kumgusa wala kumpita chini. Kazi ya mpiga picha wa angani ni hiyo, kamera inakuja juu yake.

Kamera ikae wapi: utosini, ubavuni mwa helmeti, kidevuni, kifuani au mkononi? Na kile kishikizo cha gundi kinachokuja ndani ya boksi kinafaa? (Msomaji, Arusha)

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Parachuti inapofunguka, kamba zake hupita nyuma ya kichwa na mabegani kwa kasi kubwa, na si kila mara zinapita zilikopangiwa. Ukitoka vibaya mlangoni, ukifungua umelala ubavu, au parachuti ikizunguka, kamba inaweza kupita juu ya uso wako. Chochote kilichochomoza kwenye helmeti kinageuka ndoano. Kwa hiyo swali langu la kwanza siku zote ni kamba itanasa wapi. Picha nzuri itatoka wapi ni swali la pili.

Kile kishikizo cha gundi cha ndani ya boksi kimetengenezewa baiskeli na mawimbi. Kinainua kamera juu kama taa ya teksi, chini yake panabaki uwazi, na skrubu yake ndefu imetokeza pembeni. Kwenye baiskeli hakuna ubaya. Kwenye parachuti hizo ni ndoano mbili pamoja na kitanzi kimoja.

Tumia helmeti iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera. Cookie, Tonfly na Bonehead ni majina utakayoyasikia kwenye kila uwanja wa kuruka. Zina sehemu bapa ya kufungia kamera na, muhimu kuliko vyote, kifungo cha dharura kwenye mkanda wa kidevu, cha kuiachia helmeti nzima kwa mkono mmoja. Helmeti isiyo na kifungo hicho siiwekei kamera, hata akiniomba rafiki.

Utosini picha hutulia na fremu hufuata macho, ila ndipo kamba zinapopita karibu zaidi. Ubavuni ni karibu na helmeti, lakini mzigo unavuta shingo upande mmoja. Kidevuni unapata picha safi sana kwa sababu lenzi iko usawa wa uso, ila jaribu kwanza ukiwa chini: inamisha kichwa uone kama bado unaona vishikio vyako vyote viwili, cha kukatia, yaani kuiachia, parachuti kuu, na cha kufungulia ya akiba. Usipoviona, hapakufai. Kifuani iko kwenye njia ya mikono inayotafuta vishikio hivyohivyo. Mkononi ni ya mkufunzi wa tandemu, yule anayeruka amefungwa pamoja na abiria, aliyeizoea kazi, anayevaa glavu maalumu yenye kamera. Mguuni usiniulize tena, ni hapana.

Ukishafunga kamera, chukua kamba ya kiatu. Mwenzako akae, avae helmeti, wewe shika ncha mbili za kamba na uiburuze juu yake: kutoka mbele kwenda nyuma, kulia kwenda kushoto, mshazari, chini ya kidevu, kila upande. Fanya polepole, kisha kwa nguvu. Pale inapokwama hata kwa nukta moja, ndipo pa kurekebisha. Ziba uwazi kati ya kamera na helmeti kwa sponji ngumu, funika kichwa cha skrubu kwa tepu ya kitambaa, kata ncha zilizobaki. Kisha buruza tena. Helmeti yangu ya sasa ilinichukua jioni tatu hadi kamba ikawa inateleza kama juu ya yai.

Wengine huifunga kamera kwa kijikamba ili isianguke ikibanduka. Nia ni njema, maana kamera ikianguka kutoka futi 10,000 inaweza kuua mtu huko chini. Lakini kijikamba kinacholegea ni kitanzi. Kama ni lazima, kiwe kifupi na kilale chini ya tepu chote, kidole kisipite.

Ninunue kamera gani ya kuanzia, na niiweke kwenye mpangilio gani? (Msomaji, Nairobi)

Anza na kamera moja ndogo ya video, hiyo tu, kwa miruko yako 50 ya kwanza ya kurekodi. Iweke 4K, fremu 60 kwa sekunde, pembe pana, na kitulizaji cha picha kikiwa kimewashwa. Zima kila kinachoizima yenyewe.

Hilo la kujizima limeniliza. Ndege ndogo huchukua dakika 20 au zaidi kufika juu, na kamera nyingi husinzia ndani ya dakika chache. Niliwahi kuruka na mama mmoja aliyekuja kusherehekea miaka 60, akacheka angani kicheko ambacho sijawahi kukiona tena. Nikatua nikiwa na kadi tupu: kamera ya picha ilikuwa imelala tangu futi 6,000. Nilimwomba radhi, nikamrudishia pesa yake ya picha, lakini kicheko kile sikuweza kumrudishia. Tangu siku ile, kabla mlango haujafunguliwa namgeukia aliye karibu, namuuliza, "Taa inawaka?" Sijiulizi mwenyewe, kwa sababu taa siioni.

Ukifika hatua ya picha za mnato, chagua bodi ya kamera nyepesi isiyo na kioo ndani (mirrorless), kama zile za Sony a6000, zenye gramu 350 hadi 400. Lenzi iwe pana na fupi. Milimita 16 inatosha kwa mtu aliye mita mbili hadi tatu mbele yako, na ile ya Sony ya f/2.8 ina gramu 67 tu. Usichukue lenzi ya kuvuta. Upepo unaigeuza, na uzito wake unaning'inia mbele ya shingo.

Kasi ya shata isipungue 1/500 ya sekunde, uwazi wa lenzi f/8 ukiruhusiwa na mwanga, na fokasi iwe ya mkono. Ipange ukiwa chini, kisha zungushia tepu pete ya fokasi ili isisogee. Fokasi ya kujitafuta yenyewe itakukimbilia kwenye mawingu wakati uso wa mtu uko mbele yako.

Unalengaje kitu ambacho kamera yake iko juu ya kichwa chako? Na unabonyezaje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa kilenga kidogo cha kioo chenye miduara, kinachokaa mbele ya jicho moja. Kukipanga kunahitaji subira. Vaa helmeti kama unavyoivaa angani, na mkanda ukazwe vilevile. Simama, tafuta nguzo ya umeme iliyo mita 50 au zaidi, iweke katikati ya miduara. Usisogeze kichwa. Mwenzako atazame skrini ya kamera na kuigeuza taratibu hadi nguzo iwe katikati ya picha, ndipo akaze skrubu. Vua helmeti, ivae tena, pima upya. Ikiwa imehama, helmeti haikubani vizuri, na hilo ndilo la kurekebisha kwanza.

Kubonyeza ni kwa mdomo: kuna swichi ya kung'ata kwa meno na nyingine ya kusukuma kwa ulimi. Waya wake upite ndani ya helmeti, usining'inie nje. Mikono yako ina kazi ya kuruka.

Lenzi yangu huingia ukungu kila nikiruka pwani, bara haifanyi hivyo. Nimebadilisha kamera mara mbili. (Msomaji, Mombasa)

Acha kubadilisha kamera, ndugu yangu. Hewa hupoa karibu digrii 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mchanga wa Diani ukiwa na digrii 30, huko mita 4,000 utakuta digrii 4 au 5. Kioo cha lenzi kinapoa humo ndegeni, kisha ndani ya dakika moja unakishusha kwenye hewa ya bahari iliyojaa unyevu. Kinatoka jasho kama chupa ya maji baridi mezani.

Ifunike lenzi ndegeni kwa kofia ya sufu mpaka karibu na mlango, upunguze kupoa kwake. Usilaze kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi usiku wa kuamkia mruko, ilale kivulini kwenye joto la kawaida. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu, usiipulizie pumzi.

Na baada ya kutua ufukweni, usivue helmeti na kuilaza mchangani. Chumvi hula skrubu na mchanga huingia kwenye kile kifungo cha dharura nilichokitaja. Kisafishe kwa brashi ndogo kila jioni, ukifungue na kukifunga mara kumi.

Shingo inaniuma siku mbili kila nikirekodi. Ni kawaida? (Msomaji, Muscat)

Isiwe kawaida. Parachuti inapofunguka mwili hupata mvuto wa mara tatu hadi tano ya uzito wake. Kilo moja kichwani inakuwa kilo nne kwa kitambo hicho, na mfunguko mkali huzidi hapo. Punguza mzigo kwanza, kamera mbili zenye kilo na nusu si za kila siku. Pili, usiinue uso kutazama parachuti inapofunguka, wala usigeuze kichwa kufuatilia picha. Tazama upeo wa macho, kidevu kikiwa sawa, ungoje imalize. Tatu, mwombe anayekufungashia parachuti achunguze kwa nini inafunguka kwa nguvu. Maumivu yakishuka mkononi au vidole vikifa ganzi, acha kuruka na umwone daktari.

Naruka tandemu mwezi ujao. Naweza kubeba simu yangu kwenye fimbo ya selfi? (Msomaji, Kampala)

Hapana dada. Lipia mpiga picha, au kamera ya mkononi mwa mkufunzi, nawe tumia mikono yako kufurahi.

Kamba ikinasa kwenye kamera kweli, nifanye nini? (Msomaji, Ukunda)

Tazama altimita kwanza. Kama una urefu wa kutosha na parachuti inakwenda sawa, jaribu kuinasua kwa mkono, mara moja, mara mbili basi. Ikigoma, fungua kile kifungo cha kidevu na uiachie helmeti iende na kamera yake na picha zake zote. Usikate parachuti kuu wakati kamba ingali imeshika helmeti iliyo kichwani mwako. Helmeti ikishatoka, ikiwa parachuti haitawaliki, kata, fungua ya akiba. Kwa warukaji wenye leseni za juu mwisho wa kuamua ni futi 1,800, ndiyo maana mpiga picha hana ruhusa ya kuchelewa kufungua kwa ajili ya fremu moja zaidi.

Mambo haya hayafikiriki huko juu usipoyafanya huku chini. Mimi kila asubuhi ya kuruka, kabla ya ndege ya kwanza, navaa helmeti na glavu, nafumba macho, na mwenzangu anaivuta helmeti kwa nyuma kwa kamba bila kuniambia lini. Mkono wangu unakwenda kidevuni, helmeti inatoka. Tunarudia mara tano, kisha napachika kamera.