Lugha Isisubiri Sikio

Swali linalonifikia sana kwenye WhatsApp, kutoka hapa Uganda, Busia, Arua, Bwera, na siku hizi hata kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa ndugu zetu Wakongomani, ni hili: "Dada, mtoto wetu hasikii. Tumeambiwa kuna operesheni. Tufanye au tuache?" Huniuliza mimi kwa kuwa ni kiziwi na ninaandika Kiswahili. Nilikulia kambini Jinja, baba akiwa askari, na nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya kila siku. Nilikuwa nimeshajua kusoma kabla homa ya uti wa mgongo haijaondoka na usikivu wangu, nikiwa na miaka minane.

Huwa nawajibu hivi: operesheni hiyo ya kupandikizwa kifaa cha kusikia mtaijadili na madaktari, na mjadili haraka, lakini lugha ya ishara mwanzishieni mtoto leo. Msimweke kwenye foleni ya kungoja kusikia ndipo aanze kuongea na watu.

Mtoto anayesikia huokota lugha bure. Mama anabishana bei na muuza mkaa, bibi anasali, redio inapiga kelele, naye yuko mgongoni anayameza yote. Mtoto kiziwi kwenye mgongo huohuo hapati kitu. Na miaka ile ya mwanzo ndiyo ubongo hujenga lugha. Kwake ni mamoja iingie kwa sikio au kwa jicho, mradi iingie. Nimewafahamu watu walioletwa shule wakiwa wamekwisha kubalehe, hawajui kwamba wana jina. Walikuwa na ishara chache za nyumbani: kula, choo, ng'ombe, fimbo. Vichwa vyao vilikuwa vizima kabisa. Waliachwa tu bila mtu wa kuzungumza naye.

Wazazi wengi wameambiwa kwamba ishara zitamfanya mtoto mvivu wa kutamka. Hofu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakapitisha kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa mdomo. Shule nyingi zikafukuza ishara, na walimu viziwi pamoja nazo. Azimio lile lilikuja kukanwa rasmi mwaka 2010, kwenye mkutano wa Vancouver, Kanada. Mimi nilisomeshwa na mwalimu aliyenichapa vidole kila aliponikuta naongea na wenzangu kwa mikono, na kiboko chake hakikuongeza hata neno moja kwenye matamshi yangu. Mtoto mwenye lugha moja imara hupata pa kushikia ya pili, iwe Kiswahili cha maandishi au Kiingereza cha darasani.

Sasa operesheni yenyewe. Kuna mashine ya kawaida ya kuvaa sikioni, inayokuza sauti. Hiyo humfaa aliyebakiwa na usikivu kiasi. Kipandikizi cha kokilea ni kitu kingine. Daktari hupitisha uzi mwembamba wenye vituo vya umeme ndani kabisa ya sikio, kwenye kiungo kilichojikunja kama konokono, ndiyo kokilea, ili uamshe mshipa wa fahamu wa kusikia moja kwa moja. Kwa nje, mtu huvaa kifaa chenye maikrofoni na betri, na sehemu yake moja hushikwa kichwani kwa sumaku. Betri ikiisha, ni kiziwi. Akivua alale, ni kiziwi. Wala sauti haiji siku ya operesheni: kwa kawaida kifaa huwashwa wiki kadhaa baadaye, hurekebishwa tena na tena, kisha mtoto huhitaji miaka ya mazoezi ya kusikiliza na kutamka.

Umri una uzito wake. Aliyezaliwa kiziwi hufaidika zaidi akiwekewa mapema, na miaka miwili mitatu ya kwanza ndiyo bora. Mtu mzima ambaye hajawahi kusikia, mara nyingi atapata honi na mlango unaobishwa kuliko maneno. Aliyepoteza usikivu akishajua kuongea huwa na matumaini zaidi. Na aliyeumwa uti wa mgongo kama mimi asicheleweshwe kupimwa, maana kokilea inaweza kuota mfupa ndani ya wiki au miezi michache, uzi ukakosa pa kupita. Mtoto ambaye mshipa wake wa kusikia haukuumbika, kifaa hiki hakitamfaa. Picha za kichwa ndizo zinazoonyesha.

Gharama ni makumi ya mamilioni ya shilingi, na haiishii hapo: kuna betri, waya, kifaa kikianguka, nauli. Kuna familia zinazokwenda India. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuifanya operesheni hii mwaka 2017. Kwa hiyo swali ambalo ningeuliza kabla ya mengine yote ni hili: nani atakuwa anakirekebisha kifaa, na yuko wapi? Kama fundi yuko ng'ambo na ninyi mko Kasese, mnaweza kubaki na sumaku kichwani mwa mtoto na ukimya uleule.

Hata kifaa kikifanya kazi vizuri, nyumbani bado pana kazi. Kila kiziwi anaijua sentensi hii: "Nitakuambia baadaye." Watu wamekaa kwenye mkeka, matoke katikati, mjomba kasema jambo, wote wameangua kicheko. Unamvuta dada nguo: nini? Anakupungia mkono: baadaye. Hiyo baadaye ikifika hupewi kisa, unapewa maneno matatu, "ni kuhusu mbuzi." Unakua ndani ya familia inayokupenda, na habari zake huzijui. Kwetu aliyeivunja hali hiyo ni mdogo wangu wa kiume. Alijifunza ishara kwangu kila nilipokuja likizo, akawa anakaa mbele yangu akiwapa wengine mgongo, ananipa kisa kizima, pamoja na nani alimwibia nani huyo mbuzi na polisi walisema nini.

Kuhusu kuitwa: bubu tuliache, na lile la kasiru tunaloitwa Buganda liachwe pia. Wengi wetu tuna sauti, na ishara ni lugha kamili. Kiziwi ndilo jina letu, na majirani zetu wa Tanzania wameliweka hata kwenye jina la chama chao, Chama cha Viziwi. Wapo wenzangu wasiotaka kuhesabiwa walemavu. Wanasema sisi ni watu wenye lugha yetu, basi. Mimi nayakubali yote mawili. Lugha yangu ni fahari yangu, na Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaka serikali ihimize ukuzaji wake. Lakini ni kwa kiti cha watu wenye ulemavu kwamba Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia bungeni mwaka 1996. Kiti hicho sikitupi. Ila mzee aliyepungukiwa na usikivu uzeeni huenda asijione kiziwi kabisa. Muulize mwenyewe anapenda aitweje.

Hospitalini ndiko tunakofutwa zaidi. Nikiwa mjamzito, daktari mmoja alimgeukia dada yangu akauliza, "Huyu ana miezi mingapi?" Nimekaa pale, tumbo mbele yangu. Niliandika kwenye karatasi: niulize mimi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza ubaguzi katika huduma za afya, basi omba mkalimani bila haya, na kwa mambo ya siri usikubali mwanao mdogo au mkwe wako ndiye akutafsirie. Daktari naye amtazame mgonjwa usoni, si mkalimani.

Mtoto akishafika umri wa kujieleza, swali la operesheni ni lake pia. Nimemwona msichana wa miaka 13 akipangiwa safari ya India na wajomba zake, naye akidhani anapelekwa shule mpya. Hilo halikubaliki hata kidogo, liwe limefanywa kwa mapenzi kiasi gani.

Mimi mwenyewe sina kipandikizi na sikitaki. Rafiki yangu niliyesoma naye anacho, anakipenda, na jioni akichoka na kelele za Kampala anakivua, tunaendelea kupiga gumzo kwa mikono. Hajatusaliti, nami sijajinyima.

Kwa aliye karibu na Kampala, chama cha taifa cha viziwi, UNAD, kipo tangu 1973. Waulizeni hapo mwanzie wapi kujifunza ishara. Aliye mbali amwendee afisa wa maendeleo ya jamii kwenye kata yake, amuulize ni kiziwi gani mtu mzima anayeishi jirani. Mwombeni aje nyumbani kila wiki, akae na mtoto na ninyi nyote, babu na bibi wakiwemo. Na mlipeni nauli na muda wake, kwa sababu hiyo ni kazi.