Jongo: Waachieni Wagonjwa Mbaazi Zao

Juzi kijana mmoja wa Kisauni ameniandikia: kidole gumba cha mguu kimefura, hata shuka likigusa anapiga ukelele, na nyumbani wameshampiga marufuku mbaazi, eti ndizo zinazoleta jongo, ugonjwa huu wa kufura viungo. Nikacheka, kisha nikakasirika, kwa sababu na mimi niliambiwa hivyo hivyo.

Jongo langu lilinishika usiku wa kuamkia harusi Mji wa Kale. Asubuhi hata ndara hazivaliki. Shangazi akasema nimekanyaga kitu cha watu. Zahanati fulani ikanidunga sindano ya maumivu, damu hawakupima. Kazini wakaniita "Bosi", eti jongo ni ugonjwa wa matajiri. Karani wa duka la vyuma, bosi wa nini? Jina hilo linaniuma mpaka leo.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja mama. Seli zetu zina nukleotidi, ndizo zinazojenga DNA. Zikichakaa huvunjwa hatua kwa hatua, na purini, sehemu mojawapo ya nukleotidi hizo, hufikia kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za mwili) kiitwacho zanthini oksidesi, kinachozigeuza asidi ya uriki. Wanyama wengi wana kimeng'enya kingine, urikesi, cha kuivunja asidi hiyo zaidi. Binadamu hatunacho. Ikizidi, huganda kwenye kiungo, chembe zenye ncha kama sindano. Na sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, haitoki kwenye sahani.

Akaniandikia alopurinoli, dawa inayokizuia kimeng'enya hicho. Imetoka kwenye kazi ya wanasayansi Gertrude Elion na George Hitchings, walioshiriki Tuzo ya Nobel ya 1988. Nikaanza na miligramu 100, ikapandishwa polepole. Mwanzoni jongo likazidi, kila mtu akasema tupa vidonge. Sikutupa! Sasa asidi ya uriki kwenye damu yangu iko chini ya mikromoli 360 kwa lita, na feri ya Likoni naikimbilia bila kuchechemea.

Basi nisikilizeni. Pimeni damu. Mbaazi kuleni, hazina kosa. Punguzeni maini, pombe na soda. Ini likishughulikia fruktosi, yaani aina ya sukari iliyomo kwenye soda, huvunja nukleotidi zake lenyewe. Anayetumia azathioprini, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, amwambie daktari kabla ya alopurinoli, kwani kimeng'enya hichohicho huivunja, na kuzichanganya ni hatari. Na pimeni damu, jamani.

Wewe wa Kisauni, ukipimwa kidole kikiwa kimewaka, asidi inaweza kuonekana ya kawaida. Usiridhike, rudi upimwe tena baada ya wiki mbili hivi. Ukiona na homa, nenda hospitali leo leo.